Nilibadilisha rangi tu, bei yote ikabadilika

Wasomaji wanauliza, Yaya wa Magari anajibu kutoka Lubumbashi

Mwezi huu barua karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu alikomande gari ya umeme hata haijatengenezwa, akalipa akonti, yaani pesa ya kwanza, akangoja, halafu akaingia kubadilisha kakitu kadogo na bei ikaruka. Nimechukua tano. Majina nimeyaficha, na ajanse pia sitaji.

*Yaya, jambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Kampemba, nauzisha vitambaa. Mu mwezi wa tatu nilikomande gari ya umeme ya Kichina kwa ajanse moja ya hapa mjini, balinionyesha ku simu, nikachagua nyeupe, betri kubwa, janti za kawaida, volani kushoto. Bei ikatoka dola 27,400 mpaka Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia, nikasaini, nikalipa akonti ya dola 1,000, banasema miezi mitano. Sasa mwezi wa sita bwana yangu akasema nyeupe itachafuka sana na hii vumbi yetu nyekundu, tuchukue bluu, na mimi nikaona basi tuweke na janti kubwa kidogo. Nikapiga simu, wakaniambia hakuna shida mama, rangi ni dola 400, janti 350. Nikahesabu 750, nikasema sawa. Kumbe fakture mpya inakuja na 29,150! Yaya, hiyo si 750, hiyo ni 1,750. Nikiuliza banasema njo bei ya sasa. Bei ya sasa ya nini wakati akonti yangu iko kwao tangu mwezi wa tatu? Nikasema basi mnirudishie nyeupe yangu, banasema haiwezekani tena. Fakture ya pili sijaisaini. Banataka kuniibia? Mama wa Kampemba.*

Mama, pole sana. Asante kwa kunitumia picha za fakture zote mbili, maana bila hizo ningejibu kwa kubahatisha. Nimeziweka moja kando ya ingine mezani na nimezisoma mstari kwa mstari, na nakuomba nawe ufanye hivyohivyo na kalamu mkononi.

Ya kwanza inasema gari 24,300, usafiri 2,600, asiransi na papiye 500. Jumla 27,400. Ya pili inasema gari 25,100, rangi 400, janti 350, usafiri 2,800, asiransi na papiye 500. Jumla 29,150. Umeona? Rangi na janti ni zilezile 750 walizokwambia kwa simu, hapo hawakudanganya. Ile elfu moja ingine imejificha kwenye mistari miwili ambayo wewe hukuigusa kabisa: gari yenyewe imepanda 800 na usafiri umepanda 200. Sasa inua macho, tazama juu kulia, penye namba ya komande. Ya kwanza inaishia na 118, ya pili inaishia na 304. Hapo njo siri yote iko, mama. Hawakubadilisha rangi ndani ya komande yako, wamefunga komande yako na wamefungua ingine mpya kwa bei ya siku ile.

Na hii si ya ajanse yako peke yake, njo vile kampuni nyingi za magari ya umeme zinafanya kazi. Bei inayolindwa unapolipa akonti haikufuati wewe kama mtu, inafuata ule muundo uliochagua siku ile: betri ile, rangi ile, janti zile. Ukigusa kitu, kompyuta yao inahesabu gari nzima upya kwa bei za leo, siyo kile kitu peke yake. Wewe unauza vitambaa, utanielewa haraka. Mteja amekuwekea akonti ya kitambaa mwezi wa tatu, wewe umekikunja umekiweka pembeni na karatasi yenye bei. Mwezi wa sita anakuja anasema mama hiki sikitaki tena, nipe kile cha bluu. Kile cha kwanza kinarudi kwenye rafu, na kile cha bluu utamuuzia kwa bei uliyoandika asubuhi hii, si ya mwezi wa tatu. Kwa macho ya kompyuta yao gari yako nyeupe imerudi kwenye rafu.

Tesla wanafanya hivyo miaka yote. Ukishaweka komande bei yako inakaa hata kama kesho yake wamepandisha, lakini ukiingia kwenye akaunti yako ukabadilisha muundo, bei inayokuja ni ya siku unayobadilisha. Inaonekana kwenye ukurasa wa mwisho kabla hujabonyeza kukubali, na wengi hawasomi ukurasa ule, wanatazama rangi tu. Ford nao waliuma watu kwa njia ingine. Pikap yao ya umeme, F-150 Lightning, ilitangazwa mwezi wa 5 mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia dola 39,974, na watu waliweka nafasi kwa dola 100. Mwezi wa 8 mwaka 2022 bei ya kuanzia ikawa 46,974, mwezi wa 10 ikawa 51,974, mwezi wa 12 ikawa 55,974. Mwenye komande kamili alibaki na bei yake, lakini mwenye nafasi tu alikuta hana bei yoyote, ana foleni tu. Kwa hiyo, mama, neno «akonti» peke yake halisemi kitu: soma kama karatasi yako ni ya kushika nafasi au ni ya komande yenye bei. Yako nimeiona, ni komande, ina bei na ina saini mbili. Hiyo ni nguvu kubwa uliyonayo.

Kuna ile ya Rivian pia, ambayo napenda kuwasimulia watu wanaosema mteja hawezi kitu. Tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2022 kampuni hiyo ya Marekani ilipandisha bei za magari yake, pikap yake R1T kwa kama asilimia 17 na jipu yake R1S kwa kama asilimia 20, na ikawapandishia mpaka watu waliokuwa wameshaagiza zamani, wengine walikuwa wanangoja tangu 2018. Watu wakakasirika, wakaanza kufuta komande kwa wingi. Siku mbili tu baadaye mkubwa wa kampuni, RJ Scaringe, akaandika barua ya kuomba radhi, akasema waliokuwa wameagiza mpaka tarehe 1 watapewa bei yao ya zamani, na hata yule aliyefuta kwa hasira anaweza kurudi akute muundo wake, bei yake na nafasi yake vilevile. Kwa hiyo mtu akikwambia kurudisha komande ya zamani «haiwezekani», ujue inawezekana, ni suala la kama wanataka.

Unauliza kama ni wizi. Kuhesabu gari upya kwa bei ya leo si wizi, kama waliandika hivyo kwenye masharti uliyosaini. Lakini kukwambia kwa simu «rangi 400, janti 350» na kunyamaza kuhusu ile elfu moja, wakati wao wanajua vizuri kompyuta yao itafanya nini, hapo nasema wazi, haikuwa haki. Mtu anayekaa ofisini kila siku na hizi komande anajua. Wewe ulikuwa unaomba rangi, hukuomba kufungua mkataba mpya. Na ile 200 ya usafiri nayo inaniudhi, meli haiulizi gari ina rangi gani.

Sasa fanya hivi. Usisaini fakture ya pili, na usiwatumie hata dola moja juu ya hiyo, kwa sababu ukilipa kakiasi kadogo watasema umekubali. Usipige simu tena. Andika ujumbe, useme: komande yangu ni ile inayoishia na 118, niliisaini na nikailipia akonti, mabadiliko ya rangi na janti siyakubali kwa bei hii, naomba gari yangu nyeupe kwa 27,400 kama tulivyoandikiana. Weka picha ya ile karatasi. Halafu waulize swali moja: je, gari yangu imeshapewa namba ya shasi? Kama bado, basi hakuna chuma chochote kilichokatwa kwa jina lako, kurudisha ni kazi ya dakika tano ya mtu mmoja mbele ya kompyuta. Kama imeshapewa na ni ya bluu, hapo kweli ni ngumu zaidi, lakini waulize pia nani aliwapa ruhusa ya kuagiza bluu wakati hujasaini.

Wakikaza shingo, kumbuka sheria yetu iko wazi. Kitabu cha tatu cha Kode sivile ya Kongo, ile dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 ambayo mpaka leo njo inaongoza mikataba, kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Hauhitaji avoka ili kuandika sentensi hiyo kwenye ujumbe. Ninyi mlipatana 27,400 kwa gari nyeupe. Mapatano ya pili hayajazaliwa.

Jambo lingine ambalo hukuuliza lakini nitalisema, maana wengi wanalisahau. Hiyo 1,750 haiishii kwenye fakture ya ajanse. Ku Kasumbalesa dwane, yaani watu wa forodha, wanahesabu juu ya thamani ya gari pamoja na usafiri na asiransi. Kama gari yako inalipa TVA ya kawaida ya 16%, basi juu ya hiyo 1,750 peke yake kuna dola 280 zaidi, na ushuru wenyewe bado sijauweka. Kwa hiyo bluu yako na janti zako, zilizosemwa 750 kwa simu, zinaingia nyumbani zikiwa zimepita elfu mbili. Mwambie bwana ako kwa upole: ndoo ya maji na sabuni kila jumamosi ni rahisi kuliko hiyo. Na janti kubwa zenyewe, mama, kwa barabara hizi zetu mimi nisingeweka hata wakinipa bure. Janti ikiwa kubwa pine inabaki na ubavu mfupi, shimo moja kule Ruashi wakati wa mvua na janti imepinda, halafu zinakula betri zaidi kwa kila kilometa.

*Yaya mukubwa, salamu kutoka Katuba. Yaya yangu eko Bruxelles, alikomande Tesla Model Y, bado anangoja. Sasa bei imeshuka kule ku site, mutu anayeagiza leo analipa kidogo kuliko yeye. Anasema akiingia akabadilisha kitu, hata kadogo, bei mpya itamshika. Ni kweli? Ama ni kujidanganya?*

Ni kweli, mdogo wangu, na njo upande mzuri wa kilekile kilichomuumiza mama wa Kampemba. Kama kubadilisha kunaleta bei ya leo, basi siku ambayo bei ya leo iko chini, kubadilisha kunakusaidia. Watu walifanya hivyo wengi mwezi wa 1 mwaka 2023, Tesla ilipokata bei kwa nguvu Marekani na Ulaya. Kule Marekani Model Y ya betri kubwa ilitoka dola 65,990 ikawa 52,990, dola elfu kumi na tatu zimeondoka kwa siku moja. Aliyekuwa na komande bado haijakabidhiwa alikuwa na pa kushika. Aliyekuwa ameshachukua gari wiki iliyopita hakuwa na pa kushika kabisa, na kule China mwezi uleule waliochukua magari yao siku chache kabla walikwenda mpaka kwenye maduka ya Tesla kuandamana, na hawakurudishiwa ile tofauti.

Lakini mwambie yaya yako asikimbilie kubonyeza. Kwanza afungue site kama vile yeye ni mteja mpya, bila kuingia kwenye akaunti yake, atengeneze gari ileile kabisa mpaka jumla ya mwisho, na aandike jumla hiyo pembeni. Bei ya gari inaweza kushuka wakati rangi au janti imepanda, au kitu kilichokuwa ndani ya bei sasa kinauzwa peke yake. Alinganishe jumla na jumla. Pili, aangalie tarehe ya kupokea gari, kwa sababu kubadilisha kunaweza kumsogeza nyuma kwenye foleni, na kama ameshaambiwa mwezi huu anapokea, kungoja miezi mingine kuna gharama yake, teksi na treni si bure. Tatu, kabla ya kugusa chochote ampigie mtu anayeshughulikia komande yake amuulize tu: mnaweza kunipa bei mpya bila mimi kubadilisha muundo? Wakati mwingine wanakubali, na kuuliza hakumgharimu kitu.

Kufuta na kuanza upya ni njia ya mwisho. Pesa ya komande, ambayo kule Marekani ilikuwa dola 250, hairudi. Ukipata elfu kadhaa unaipoteza kwa furaha, ukipata mia tatu umefanya kazi ya bure. Na akishapewa namba ya shasi ya gari fulani iliyoko tayari, kubadilisha muundo maana yake ni kuiacha gari hiyo iende kwa mtu mwingine.

Niongeze kwa wale wanaoagiza China moja kwa moja: huko baadhi ya kampuni zina mlango unaojifunga. Xiaomi walipoanza kuuza SU7 mwezi wa 3 mwaka 2024, mteja aliweka yuan 5,000, akapewa siku 7 za kufikiri, kubadilisha au kurudishiwa pesa yake. Siku hizo zikipita komande inajifunga, na yuan zako 5,000 hazirudi tena. Kwa hiyo swali la «mpaka lini ninaweza kubadilisha» liulize siku ya kwanza, usiliulize siku ya nane.

*Mimi nilitoa kitu, sikuongeza! Nilitoa kile chuma cha kuvutia remoki, nikategemea bei ishuke dola 500, ikapanda 300. Inakuwaje? Kijana wa Kamalondo.*

Ni hesabu ileile. Ulitoa 500, lakini gari yenyewe ilikuwa imepanda 800 tangu siku uliyoagiza, na kutoa ni kubadilisha sawa na kuongeza. Kama hujakubali kwenye ukurasa wa mwisho, toka bila kubonyeza, komande yako ya zamani bado iko pale. Chuma cha remoki kibaki, utakiuza baadaye Kamalondo hapohapo.

*Mheshimiwa, niko Likasi, nafanya kazi kwenye mgodi. Nilikomande gari ya umeme mwaka jana, juzi nikabadilisha betri ya kadogo nikachukua ya mukubwa, ajanse bananiambia bei imepanda sana «juu ya kobalti ya Kongo, serikali yenu ilifunga». Sasa sisi njo tunachimba, tunameza vumbi, halafu tunalipishwa juu ya kuchimba? Ni kweli hiyo maneno?*

Ndugu yangu, barua yako imenishika moyoni, na nitakujibu kwa mapana.

Ni kweli serikali ilifunga. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025 Kongo ilisimamisha kutoa kobalti nje, kwanza kwa miezi minne, halafu wakaongeza, na kuanzia tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka huohuo wakafungua tena kwa kota, kila kampuni ina kiasi chake. Sababu ilikuwa bei ya dunia ilikuwa imeanguka vibaya sana, kwa vile soko lilijaa. Na kwa kuwa kama asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka huku kwetu, kati ya Kolwezi, Fungurume, Likasi na hapa, tulipofunga bei ilipanda kweli. Hiyo sehemu ya maneno yao ni ya kweli.

Lakini sasa waulize swali moja tu: betri ya gari yangu ni ya aina gani? Gari nyingi za Kichina za bei ya kati zina betri ya LFP, yaani chuma na fosfati. Ile Blade ya BYD ni LFP. Ndani ya LFP hakuna kobalti hata gramu moja, na hakuna nikeli. Kama yako ni hiyo, basi kukwambia kwamba bei imepanda juu ya kobalti ni uongo mtupu, na ni uongo mubaya zaidi kwa sababu wanamwambia mtu wa Likasi, mtu ambaye jasho lake liko ndani ya hiyo biashara. Wakisema betri ni NMC, yaani nikeli, manganizi na kobalti, hapo kobalti imo, lakini kwenye NMC za siku hizi, hata betri kubwa, inahesabiwa kwa kilo chache. Chukua bei ya kilo, zidisha, utaona haiwezi kupandisha gari kwa maelfu ya dola.

Kuna wakati madini yaliwahi kupandisha magari kweli. Mwaka 2022 litiumu ilikuwa imepanda kupita kiasi, kobalti ilipita dola 80,000 kwa tani, na tarehe 8 mwezi wa 3 nikeli kwenye soko la London ilipita dola 100,000 kwa tani mpaka wakasimamisha biashara. Njo wakati ule Rivian, Ford, Tesla na wengine walipandisha. Kwa hiyo sisemi madini hayana neno. Nasema ulipobadilisha betri kadogo kwa kubwa ulifungua komande mpya, ukapata bei ya leo, na mtu wa ajanse badala ya kukueleza hivyo amechukua neno rahisi analojua litakunyamazisha. Mwambie akutumie bei ya betri peke yake, na bei ya gari peke yake, ya mwaka jana na ya leo. Tofauti itajionyesha yenyewe, na kobalti hutaiona kwenye mstari wowote.

Na usione aibu kuuliza mara tatu. Hiyo pesa umeitoa chini ya ardhi.

*Yaya, sisi tuko Golf, tunataka kukomande mwezi ujao. Baada ya kusikia hizi habari tunaogopa. Tuchague nini mara moja ili tusiguse tena?*

Swali zuri, na lingeokoa barua zote za juu. Kaeni wote wenye neno kwenye hiyo gari, mezani, jioni moja, kabla ya akonti. Nasema wote kwa sababu barua nyingi ninazopata zinaanza na «bwana yangu akasema» au «bibi yangu akasema» miezi mitatu baadaye.

Rangi malizeni hapo. Volani iandikwe «kushoto» kwenye komande yenyewe, msitegemee ahadi ya mdomo. Sisi tunapita kuume, Zambia na Tanzania wanapita kushoto, na gari nyingi zinazoshuka Dar es Salaam zina volani ya kuume, kosa la aina hiyo mtaligundua mpakani wakati hamna tena la kufanya. Kuhusu betri, fikirieni safari zenu za kweli. Anayezunguka mjini, Golf mpaka mjini kati mpaka UNILU na kurudi, betri ya kadogo inamtosha siku nyingi. Anayekwenda Kolwezi kila wiki achukue kubwa tangu mwanzo, kwa sababu betri njo kitu kinachouma sana kukibadilisha katikati.

Chaji ya ndani ya gari, kile kifaa kinachopokea umeme wa nyumbani, wengi hawaitazami kabisa. Kwenye prizi ya kawaida ya nyumbani, 220 volti na ampea 10, mnaingiza kilowati kama 2.2 tu, betri ya kilowati-saa 60 ikiwa tupu inataka zaidi ya saa 27, na delestaji ya SNEL, kule kukatakata umeme kwao, mnaijua. Gari yenye chaji ya kilowati 7, na mstari wa ampea 32 uliovutwa na fundi mzuri kutoka kwa kontere, inajaa kwa usiku mmoja umeme ukikaa. Kama mna fazi tatu nyumbani, ulizeni ya kilowati 11. Waulizeni tofauti ni dola ngapi, na muiandike tangu mwanzo.

Mwisho ni mdomo wa chaji, pale kebo inapoingia. Gari iliyotengenezwa kwa soko la China ina mdomo wa GB/T, iliyotengenezwa kwa Ulaya ina Type 2 na CCS2. Amueni kufuatana na vifaa mtakavyoweza kuvipata na fundi atakayevitengeneza. Mkikuta mmeandikiwa ambao hautawafaa, na namba ya shasi bado haijatoka, basi badilisheni hata kama bei inapanda, lipeni tofauti hiyo bila kulalamika sana. Rangi mtaizoea. Gari isiyoweza kuchajiwa Lubumbashi itabaki kwenye parseli, mtaifunika na bashi, na kila asubuhi mtapanda teksi kuipita.